Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Mara mbili mtoto Phin aligeuka rangi ya bluu, na mara zote mbili alikuwa mikononi mwa mama yake. Hilo ndilo lililomleta Inspekta Phikun hospitalini asubuhi ile. Na hilo ndilo Mama Thongsai, bibi wa mtoto, alilokuwa akilirudia korido nzima mpaka midomo ikamkauka: kwamba mkamwana wake, Mani, yule waliyemtoa ng'ambo ya mto, anatia kitu kwenye chupa ya maziwa.

Daktari Orathai alimvuta Inspekta pembeni. Akamweleza kwamba damu aliyoitoa kwa mtoto haikuwa nyekundu, ilikuwa kama kahawa iliyolala. Damu ya namna ile inazunguka mwilini lakini haibebi hewa. Alimpiga sindano ya dawa, midomo ikarudi wekundu wake, na sasa mtoto anarusha miguu kitandani kama si yeye. Kilichomfanya vile ni kitu alichokimeza, ila vitu vya kufanya hivyo ni vingi. Maji na unga wa maziwa vilikwishapelekwa kwa wapimaji katika mji wa Ubon, na wapimaji wasioambiwa watafute nini hutafuta kila kitu polepole.

"Kesho natoa mtoto," daktari alisema. "Na ustawi wa jamii wameshaamua. Kama ninyi polisi hamna jibu, Phin anaondoka na bibi yake. Mani haruhusiwi kushika chupa."

"Na mume?"

"Yuko kiwandani Rayong. Nimempigia. Anasema hajui amwamini nani."

Phikun akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, mtulivu, na katika mji wa Yasothon watu walimpenda kwa jambo moja: hakuwahi kumfokea mtu ili apate jibu. Mahali wengine walipopiga meza, yeye aliomba aonyeshwe.

"Nipe siku ya leo, daktari."

"Ya leo unayo, afande. Ya kesho haiko mkononi mwangu."

Mani alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, chupa ya chai imewekwa mapajani. Hakulia. Aliposalimiwa alikutanisha viganja akainama, kisha akabaki anatazama mkono wa mtoto unavyokunja na kukunjua vidole. Phikun hakumuuliza kama ametia sumu. Alimwomba amtengenezee mtoto chupa pale pale, kama anavyofanya nyumbani.

Ungelimwona Mani akifanya kazi ile. Alinawa mpaka viwiko. Akasuuza chupa, akaimwagia maji ya moto, akaigeuza mdomo chini juu ya kitambaa safi. Unga akausawazisha kwa mgongo wa kisu, wala punje haikuzidi. Akatikisa, akadondosha tone kifundoni mwa mkono wake, akasubiri, akadondosha tena. Phikun aliangalia mikono ile kwa makini, kama fundi anavyoangalia mikono ya fundi mwenzake.

"Maziwa yako mwenyewe je?" aliuliza.

Mani akasema yalikauka alipougua homa baada ya kujifungua.

"Na nyumbani maji unachemsha vipi?"

"Mara mbili, afande. Nachemsha, naacha yapoe, nachuja. Halafu nachemsha tena mpaka yabaki nusu sufuria."

"Nani alikufundisha kuchemsha mpaka nusu?"

"Hakuna. Mara ya kwanza nilikuwa nachemsha mara moja tu. Phin alipougua nikaona labda nimefanya uvivu." Akafunika chupa. "Ninayachota mtungi wa jikoni, ndio msafi kuliko yote. Na mimi nakunywa hayo hayo. Kama ni sumu, mbona mimi sifi?"

Phikun akamgeukia daktari na kumuuliza kama inawezekana maji yawadhuru watoto tu. Daktari akajibu kwamba kwa mtoto wa miezi mitatu inawezekana kabisa. Damu yake bado laini, kitu ambacho mama anakikojoa kesho yake, kwake kinageuza damu yote.

"Na kuna kitu gani ambacho moto haukiui?"

"Ambacho hakikuwa hai tangu mwanzo," daktari alisema. "Chumvi, kwa mfano. Wewe ukichemsha mchuzi wenye chumvi ukabaki nusu..."

"Unakuwa haulambiki," alimaliza Phikun, na akachukua kofia yake.

Nyumba ya Mzee Bunthieng, mume wa Mama Thongsai na babu wa Phin, iko ukingoni mwa mji, mtaa wa watengeneza roketi, ambapo ukuta wa kila nyumba umeegemezwa bomba refu na mianzi ya mkia. Sherehe ya kurusha roketi za baruti angani kuomba mvua ilikuwa imepita mwezi uliotangulia. Shada la maua ya plastiki lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, maana roketi ya mzee ndiyo iliyokaa angani kuliko zote. Mtengenezaji ambaye roketi yake inazima au inaanguka hubebwa na wenzake akatupwa kwenye tope, watu wakicheka, ndiyo desturi. Mzee Bunthieng alikuwa na mvi kichwa kizima na tope lilikuwa bado halijamjua.

Mama Thongsai alitangulia kutoka hospitalini kwa pikipiki ya jirani, akampokea Inspekta mlangoni na kikapu cha wali wa kunata. Maneno aliyapakua kabla ya wali. Alisema Mani ni mkaidi. Mhudumu wa afya alipopita na mifuko ya mchanga wenye dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, nyumba nzima ilikubali utiwe mitungini, ila Mani akakataa usitiwe mtungi wa jikoni, eti unanuka, eti mtoto. Sasa ni nani anayekataa dawa ya serikali kama hana lake jambo?

"Amefanyaje badala yake?"

"Ametia visamaki."

Phikun alifunua kifuniko cha mtungi wa jikoni, mtungi mkubwa wa saruji uliomfika kifuani. Ndani, visamaki wadogo wenye mikia ya rangi walikuwa wakifukuzana kwa furaha. Akawatazama kwa muda. Dawa ya wadudu ingewaua hao kwanza kabla ya mtoto. Akafunika, na hilo akaliweka kando: si dawa ya shamba, si dawa ya mbu.

Akaikagua nyumba yote, na kadiri alivyoikagua ndivyo alivyozidi kuistahi. Mtungi wa gesi ulikuwa nje, umefungwa kwa mnyororo. Ndoo tatu za mchanga zilipangwa kando ya jiko. Kiberiti kilikaa juu ambapo hata yeye alijinyoosha kukifikia. Hapakuwa na waya uliochunika wala soketi iliyolegea, na kitanda cha mtoto kiliwekwa mbali na dirisha lenye jua. Alizoea kuingia nyumba za matajiri ambazo zingewaka kwa cheche moja. Hii ilikuwa nyumba ya mtu anayefanya kazi na moto, na anayeujua.

"Jiko hili liliwahi kuungua," alisema Mzee Bunthieng, ambaye alikuwa amekaa kwenye jukwaa la mianzi akichonga kijiti cha mwanzi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya zamani mpaka juu. "Wirot, huyu baba yake Phin, alikuwa mdogo. Tulimtoa kwa dirisha. Siku ile niliapa mbele ya mama yake na mbele ya picha ya baba yangu: hakuna shura wala baruti itakayoingia tena chini ya paa langu. Na haijaingia, binti. Kagua hata chini ya mikeka."

Phikun alikagua hata chini ya mikeka. Shura, ile chumvi nyeupe ambayo ukiichanganya na makaa yaliyosagwa ndiyo baruti, ilikuwa kwenye banda la mbali, ng'ambo ya kitalu, ukingoni mwa jaruba la mpunga. Mlango ulifungwa kwa kufuli. Ndani mlikuwa na gunia moja la shura, na kando yake gunia la mbolea ya mpunga, limeshonwa na halijafunguliwa. Kwa dakika moja alidhani amepata. Lakini banda lilikuwa bondeni na mtungi uko juu, na maji hayapandi mlima kwenda kujimimina mtungini. Akarudi jikoni mikono mitupu, anajipepea kwa kofia.

Mama Thongsai alikuwa akimchumia mrehani wa kula na wali. Alikuwa na matuta mawili ya mrehani. Moja liko kando ya mitungi mikubwa inayokinga maji ya paa la nyumba, jingine liko miguuni mwa mtungi wa jikoni. Mrehani wa jikoni ulikuwa mzito, majani mapana, kijani kilichoiva mpaka kinaelekea weusi. Ule mwingine ulikuwa mrehani wa kawaida tu.

"Mama, tuta hili umelipa mbolea gani?"

"Hamna mbolea. Nilipanda yote siku moja, mche mmoja." Mama Thongsai aliinua kiganja chake kuonyesha. "Mkono tu huo, mwanangu. Wengine tumejaliwa."

"Na mkono huo kule kwenye mitungi mikubwa ulikuwa umelala?"

Mzee Bunthieng akacheka mpaka akakiacha kijiti. Mkewe akamwambia acheke tu, na jioni atachuma mrehani wake mwenyewe.

Phikun hakuwa anacheka. Baba yake alilima mpunga maisha yake yote, na yeye alikua anajua shamba lililokula mbolea hata akilipita kwa pikipiki. Akauliza ni nani anamwaga maji pale. Mani, akajibiwa, kila siku, mabaki ya sufuria ya mtoto. Basi mrehani ulikuwa unanyweshwa kinywaji kilekile cha Phin, na ulikuwa unakipenda. Akainua macho akalitazama bomba la mvua linaloingia mtungini.

Akaomba sufuria mbili. Ya kwanza akaijaza maji ya mtungi mkubwa wa nyumba, ya pili maji ya mtungi wa jikoni, kiasi kilekile. Akakaa mbele ya jiko akazichemsha mpaka kila sufuria ikabaki na maji ya kulowanisha vidole tu. Mama Thongsai alimuuliza kama polisi siku hizi wanapika maji matupu kwa sababu mshahara umekwisha. Phikun akasema mshahara upo, ila chumvi ndiyo inayotafutwa. Akachana karatasi nyeupe vipande vyembamba, akaloweka kimoja sufuria hii na kimoja sufuria ile, akakausha na kuloweka tena, na tena, kisha akavianika juu ya jiwe lililochomwa na jua. Kila kipande alikifunga uzi, mwekundu wa jikoni, mweupe wa nyumba, ili asije akajichanganya mwenyewe wala mtu asije akamsingizia kwamba amechanganya.

Karatasi zikikauka, akamgeukia mzee.

"Baba, kitendawili."

"Tega," alisema mzee mara moja, na uso ukamkunjuka. Mtaa mzima ulijua kwamba yeye hapitwi na kitendawili.

"Ulinifungia mlango, nikaingia kwa paa, wala sikutoboa bati."

Mzee akasema ni joto la jua. Phikun akatikisa kichwa. Akasema ni sauti ya mvua, akaambiwa anakaribia. Akasema basi ni mvua yenyewe.

"Mvua ni mbebaji wangu tu. Alinibeba mgongoni."

Mzee akakuna makovu yake. Mama Thongsai, ambaye hakuwa na subira ya vitendawili, akasema achukue mji, achukue Yasothon yote na soko lake, awaambie tu.

"Sitaki mji, mama," Phikun alisema. "Nipe kijiti cha ubani."

Akawasha kijiti cha ubani, akapuliza mpaka ncha ikawa kaa jekundu, akakigusisha kwenye karatasi ya uzi mweupe. Karatasi ikashika, ikawaka mwali wa njano, ikajikunja, ikawa jivu jeusi. Karatasi kama karatasi nyingine.

Akagusisha ile ya uzi mwekundu. Haikutoa mwali. Nukta ya moto ilitembea yenyewe pembeni mwa karatasi, kwa haraka, ikichirizika kama mdudu, na huku na huku ikitema cheche ndogo nyeupe na kusema *ssss*, mpaka ikaufikia uzi na kuukata.

Hapakuwa na haja ya mtu kueleza. Hakuna mtoto aliyekulia Yasothon ambaye hajawahi kuloweka karatasi kwenye shura akatengeneza utambi wa fataki, na mzee alikuwa ametengeneza nyingi kuliko nywele zake. Aliinuka kwenye jukwaa. Akaokota kile kipande kilichobaki, akakinusa, akakigusa kwa ulimi. Uso ukamkauka.

"Huu ni utambi," alisema.

"Ni maji ya Phin, baba."

Akakaa tena. Alizungumza akiwa anaitazama karatasi, si wao. Kabla ya sherehe mawingu yalitanda na shura ikashika unyevu, na shura mbichi haipandi mbinguni. Ilibidi ikauke. Barabarani watu wanatupa sigara, uani watoto wa jirani wanacheza, na chini ya paa aliapa. Mahali pa salama kuliko pote, penye joto na pasipofikiwa na mtu, palikuwa juu ya paa. Aliitandaza kwenye mikeka juu ya bati la jiko. Mchana mmoja mvua ikashuka ghafla kabla hajaiwahi, mkeka mzima ukaenda.

"Nilijua imekwenda na maji," alisema. "Nikasema hasara yangu, basi."

"Ndiyo, ilikwenda na maji. Na maji yalikwenda wapi?"

Wote watatu wakainua macho. Bati la jiko liliteremka mpaka kwenye gata, gata likateremka mpaka kwenye bomba, na bomba likaingiza mdomo wake kwenye mtungi wa jikoni, palipofunikwa vizuri, penye visamaki wenye afya, ambao shura ya kiasi hicho haiwasumbui kitu. Phikun akapanda ngazi kwenda kuthibitisha. Mama Thongsai akamwonya kwamba ngazi ile ni ya watu wembamba, akaambiwa basi aishikilie. Kwenye maungio ya mabati kulikuwa na ukoko mweupe. Akaukwaruza kwa kisu, akaufunga kwenye mfuko, akashuka.

"Lakini mvua za kwanza bomba huwa tunaligeuza pembeni," alisema Mama Thongsai taratibu, "lioshe vumbi la paa."

"Nani aliligeuza liingie mtungini?"

Mama Thongsai akaiachia ngazi.

"Mimi," alisema. "Mvua ilikuwa imepiga mara moja, nikaona vumbi limetoka. Niliona yule msichana anataka mtungi wake mwenyewe kwa ajili ya mtoto, nikasema ngoja nimjazie mapema." Akaligusa bomba kwa kiganja. "Nilitaka kumfurahisha. Siku ile tulikuwa bado tunaongea."

Phikun akampigia daktari simu hapo hapo. Akamweleza karatasi, mrehani, paa, na jinsi kila tone Mani alilolichemsha kwa huruma lilivyozidi kuikoleza ile shura, mpaka mara ya pili mtoto akaugua vibaya kuliko ya kwanza. Orathai akasema sasa anajua awaambie wapimaji watafute nini. Kabla ofisi hazijafungwa Ubon wakapiga wenyewe. Ilikuwa shura, na ilikuwa nyingi. Daktari akamsomea mtu wa ustawi wa jamii jibu lile kwa simu, neno kwa neno, na alipomaliza akamwambia kwamba katika kazi yake yote hajaona chupa inayotengenezwa kwa usafi kama ya mama yule.

Kesho yake Phikun aliwaendesha mwenyewe, Mani na Phin, kwenye gari la polisi, king'ora kimezimwa. Walipokata kona ya mtaa Mani akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, maana uani watu walikuwa wamejaa.

Mtungi wa jikoni ulikuwa umelazwa ubavu, tupu, visamaki wamehamishiwa beseni. Gata lilikuwa limeng'olewa, bati limesuguliwa linang'aa. Majirani watengeneza roketi walisimama ukingoni mwa jaruba nyuma ya banda, na mbele yao, amevaa shati lake la sherehe na shada la maua ya plastiki shingoni, alisimama Mzee Bunthieng. Alikuwa amesimama pale tangu walipoambiwa gari limetoka hospitalini.

"Mwanangu," alimwambia Mani, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Roketi yangu ya mwaka huu haikukaa angani. Iliangukia kwenye chupa ya mtoto wako. Wewe ukabebeshwa lawama. Desturi unaijua. Hawa wote wamejitolea kunisukuma, nimewakatalia. Ni haki yako."

Mani akamtazama Inspekta, kama anauliza sheria inasemaje. Phikun akasema sheria ya kosa la bahati mbaya ataishughulikia yeye ofisini, na mzee ameshakubali kuitwa. Hii ya tope haimo katika vitabu vyake.

Mkamwana kumsukuma baba mkwe, hata kwa kidole, ni jambo ambalo halijaonekana mtaa ule. Mtu mmoja nyuma akasema mzee asukumwe upesi, tope linakauka, na wengine wakaanza kucheka.

Mani akasogea mpaka ukingoni. Akainua mkono mmoja, akaushusha. Mzee alikuwa mfupi lakini mzito, na mkono mmoja usingetosha, na ule wa pili ulikuwa na mtoto.

Akageuka. Mama Thongsai alikuwa amesimama peke yake kando ya mrehani aliokuwa ameung'oa wote, kanga ya kubebea mtoto imekunjwa kwapani, macho chini. Hakuwa amesogea kumpokea mjukuu wake, na hakuwa ameomba.

Mani akamwendea, akamwekea Phin mikononi.

"Nishikie, mama," alisema. "Kazi hii inataka mikono miwili."